Shahidi Aliyerudishwa Mtoni

Dodoma ni mji unaotunza mawe. Makao ya uchunguzi wa jiolojia wa nchi hii yamekuwa hapa tangu miaka ya 1920, na hadi leo taasisi hiyo ina makumbusho yake mjini, yenye sampuli za miamba na madini ya Tanzania. Mwanajiolojia akishausoma mwamba, hautupi. Anaupa namba, anaandika ulikotoka, anaupanga kwenye rafu, maana anajua kwamba miaka thelathini baadaye atakuja mwenzake mwenye swali ambalo yeye hakulifikiria, na kifaa ambacho yeye hakuwa nacho.

Mtazame sasa mpimaji wa mto. Anaingia majini na wavu wa sentimita 30 kwa 30, anachokoa mawe kwa miguu, anapitisha wavu kwenye majani ya kingoni, kisha anamimina alichopata kwenye sinia jeupe na kuliinamia kwa dakika 15. Huyu wa familia hii, yule wa familia ile. Anajaza fomu, anajumlisha alama, halafu anawarudisha wadudu wote mtoni. Hajakosea, ndivyo mwongozo unavyomwagiza. Lakini alichobaki nacho mkononi ni karatasi. Mwakani akija mtu akamwambia, “Yule uliyemwandika hapa si yeye,” hawana pa kwenda kuamuliwa.

Nadhani hapo ndipo penye tatizo la upimaji wa maji kwa wadudu katika nyanda za kati, kuliko kwenye uhaba wa fedha au wa wataalamu ambao ndio tumezoea kuulaumu.

Wazo lenyewe la kuwauliza viumbe hali ya maji lina umri wa zaidi ya karne. Wajerumani Kolkwitz na Marsson walichapisha mwaka 1909 orodha ya wanyama wanaoonyesha kiwango cha uchafu wa mto. Huku kwetu Afrika kipimo kilichoenea zaidi kilitoka kusini: Mark Chutter alikitengeneza miaka ya 1990 kwa ajili ya mito ya Afrika Kusini, kikaitwa SASS, na toleo lake la tano likachapishwa mwaka 2002. Kila familia ya viumbe hupewa alama kati ya 1 na 15 kwa kadiri inavyodai maji safi. Minyoo ya tope hupata 1, na mabuu ya mbu vivyo hivyo. Mabuu ya usubi wasiouma, wale wekundu kama vipande vya uzi wanaoweza kuishi kwenye tope lenye hewa kidogo, hupata 2. Familia chache zinazodai maji safi kuliko zote hufika 15. Mwaka 2015 Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwa na Jenny Day na Helen Dallas wa Afrika Kusini, alichapisha kipimo cha Tanzania kilichojengwa juu ya msingi huo. Kinaitwa TARISS, na kina familia na alama zilizorekebishwa kufuata mito yetu.

Faida yake inaeleweka bila darasa. Kuchota chupa ya maji na kuipeleka maabara ni kumuuliza mpita njia habari za mtaa. Wadudu ni wenyeji waliolala hapo. Mtu akimwaga dawa ya kuogeshea mifugo mtoni usiku wa Jumanne, maji ya Ijumaa yanaweza kuwa safi kabisa kwenye chupa, lakini mabuu wanaohitaji miezi kadhaa kukua hawatakuwepo, na kutokuwepo kwao kutasomeka kwa majuma mengi.

Mkazi wa Dodoma ana haki ya kuuliza: na mimi, yananihusu nini? Maji ya bomba ya mji huu kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa jiji. Hakuna mdudu wa kuuliza humo. Tena matatizo yanayojulikana ya maji ya ardhini ya ukanda huu, yaani chumvi, naitreti na, kwa baadhi ya maeneo ya kati, floraidi, hayapimwi kwa wadudu. Hayo ni ya maabara, sawa na vimelea vya kipindupindu. Anayetaka kuwauza wadudu kama kipimo cha maji ya kunywa anadanganya.

Ila visima hivyo navyo vina historia. Mwaka 2013 Richard Taylor na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji ya Makutupora. Kwa miaka mingi mfululizo kina kinashuka taratibu, kisha kinapanda ghafla katika msimu wa mvua kubwa mno. Mpando mkubwa kuliko yote ulikuwa wa El Niño ya 1997–98. Na maji hayo hayashuki sawasawa kila mahali kama mvua juu ya shamba. Kwa sehemu kubwa hupenya kupitia vitanda vya mito ya msimu, kama Kinyasungwe Ndogo. Dodoma inakunywa kisima, kisima kinakunywa korongo. Ukishaona hivyo, hali ya korongo haiwezi kuachiwa mbuzi na wachota mchanga peke yao.

Chini zaidi, Kinyasungwe Ndogo unaingia Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, na ndiko maji yanayotiririka kutoka mjini yanakoishia. Wavuvi na wakulima wa zabibu wa Hombolo wanajua rangi ya kijani inayotanda bwawani na chumvi inayobaki shambani. Watafiti nao wamechapisha kuhusu yote mawili. Mwaka 2012 jiji lilikuwa na watu 410,956. Sensa ya 2022 ilihesabu 765,179, miaka sita tu baada ya Serikali kutangaza kuhamia rasmi. Idadi hiyo ina vyoo vyake, gereji zake na machinjio yake, na vyote vina mteremko mmoja.

Sasa chukua TARISS uende nayo Kinyasungwe. Utakwama mapema. Kipimo cha aina hii kilizaliwa kwenye mito inayotiririka mwaka mzima, yenye mawe, majani ya kingoni, changarawe na tope. Dodoma inapata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kipindi ambacho huku huitwa kifuku. Mto unashuka kwa vishindo kwa saa au siku chache, unakauka, unashuka tena, halafu unalala miezi saba chini ya mchanga wake mwenyewe. Mawe hakuna, au yamefukiwa. Mwaka 1972 Anders Rapp na wenzake walichapisha utafiti wao wa mmomonyoko katika maeneo manne ya karibu na mji, Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, wakaonyesha jinsi udongo wa vilima unavyoyala mabwawa. Mchanga huohuo ndio unaoziba nafasi za kati ya mawe ambamo wadudu wenye alama za juu hujificha. Mto wa Dodoma utapata alama za chini hata kama hakuna aliyeuchafua. Ukiusoma kwa rula ya mto wa Morogoro, utauhukumu kwa kosa la kuzaliwa mahali pakavu.

Vilevile kuna wadudu wanaodanganya kwa wema. Mvua ya kwanza ikishanyesha, utaona kereng'ende wa rangi ya dhahabu wakizunguka juu ya madimbwi, hata juu ya lami iliyolowa wakidhani ni maji. Huyu ni Pantala flavescens, msafiri mkubwa. Mwaka 2009 Charles Anderson, aliyekuwa akiwafuatilia visiwani Maldivi, alieleza jinsi makundi yao yanavyovuka Bahari ya Hindi kutoka India kuja Afrika Mashariki yakifuata pepo na mvua. Watoto wake hukua haraka kwenye dimbwi la muda kabla halijakauka. Kumkuta kwenye lambo la Chamwino ni habari ya pepo za msimu. Kuhusu usafi wa lambo hakuelezi kitu. Lakini kwenye fomu ya familia, yeye na binamu zake wanaodai mengi zaidi wamewekwa kapu moja.

Hapa ndipo makabati ya makumbusho yanapoingia. Kipimo kinachosema hakihitaji majina ya spishi huishia kuyahitaji. Chukua Baetidae, familia ya wadudu ambao wakishaota mabawa huishi siku moja au mbili tu. Katika SASS, ukikuta spishi moja ya familia hiyo unatoa alama 4. Mbili, alama 6. Zaidi ya mbili, alama 12. Spishi zimeingia kwa mlango wa uani. Mpimaji anapaswa kuamua, ndani ya dakika 15, akiinamia sinia juani, kama hawa wadogo wa milimita tano ni wa aina mbili au tatu. Uamuzi huo unaweza kuutoa mto kwenye daraja moja na kuupeleka jingine. Bila kielelezo kilichohifadhiwa na kutambuliwa na mjuzi, ni neno lake dhidi ya neno la atakayekuja.

Kereng'ende wamepiga hatua mbele zaidi. Afrika Kusini kuna kipimo kinachompa kila kereng'ende alama kati ya 0 na 9 kwa kuangalia alivyoenea, hatari aliyomo na anavyohisi mabadiliko ya makazi. Mwaka 2020 kilichapishwa cha bara zima kwa mtindo huo. Kipimo cha namna hii hakitengenezeki bila makumbusho, kwa sababu ili useme spishi imeenea au ni adimu lazima ujue imewahi kuonekana wapi, na hilo limeandikwa kwenye lebo za wadudu waliochomwa pini. Elliot Pinhey, aliyewahi kufanya kazi kwenye makumbusho ya Nairobi wakati yakiitwa Coryndon, alichapisha mwaka 1961 mapitio ya kereng'ende wote wa Afrika Mashariki waliojulikana. Mwaka 2014 Klaas-Douwe Dijkstra na Viola Clausnitzer wakatoa mwongozo mpya wa ukanda huu. Mwaka uliofuata Dijkstra na wenzake wakachapisha kwa mkupuo mmoja spishi mpya 60 za bara la Afrika. Spishi 60 za wadudu wakubwa, wenye rangi, wanaoruka mchana kweupe! Hebu fikiria hali ya wale wadogo wa kahawia walioko chini ya jiwe.

Kiswahili chenyewe kinatusuta. Tuna jina la mbu, la mbung'o, la usubi, la kereng'ende: wale wanaouma na wale wanaopendeza. Yule anayejijengea ala ya chembe za mchanga na kutembea nayo chini ya maji hana jina ninalolijua, ingawa ni fundi kuliko mwashi. Wengine wote tumewaita wadudu, basi.

Na waliokusanya zamani walikuwa na upungufu huohuo. Nyanda za kati hazikukosa wakusanyaji. Mwaka 1890 msafara wa Emin Pasha ulipita Mpwapwa, na ndani yake alikuwemo Franz Stuhlmann, mwanazuolojia ambaye vielelezo vyake viliishia Hamburg na Berlin. Wakati wa Waingereza, idara ya utafiti wa mbung'o ya C.F.M. Swynnerton ilifanya kazi Kondoa, kisha Shinyanga. Swynnerton mwenyewe na mtaalamu wake wa mimea, B.D. Burtt, walikufa pamoja kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Ni miongo ya kazi nzito ya kukamata, kuchoma pini na kuandika lebo. Lakini swali lao lilikuwa ugonjwa: nagana ya ng'ombe na malale ya watu. Mto uliwahusu kama mahali pa kichaka cha mbung'o. Aliyeishi ndani ya maji bila kumuuma mtu alipata nafasi ndogo kwenye droo.

Kisa cha Frank Vanderplank kinanichekesha na kunisikitisha. Alikuwa mmoja wa watafiti wa mbung'o wa Tanganyika. Miaka ya 1944 hadi 1946 alijaribu kumaliza aina moja ya mbung'o kwa kumwachilia aina nyingine wajamiiane na wapate kizazi tasa. Jina lake, hata hivyo, linakumbukwa na wengi kwa sababu ya mdudu wa majini. Baadaye akiwa kaskazini mwa Nigeria aliwaona mabuu wa usubi kwenye vishimo vya maji juu ya majabali, wakikauka kabisa pamoja na vishimo vyao na kufufuka mvua inaponyesha. Howard Hinton akamwandika mdudu huyo mwaka 1951 kwa jina la Polypedilum vanderplanki. Buu huyu amewahi kuhifadhiwa mkavu kwa miaka 17 na bado akaamka alipotiwa maji. Vanderplank alikuwa ameishi miaka kwenye nchi ya majabali, Shinyanga na jirani zake, ambako vishimo vya namna hiyo viko kila kilima. Kila anayepanda Mlima wa Simba hapa Dodoma baada ya mvua ameviruka kwa mguu. Kutafuta jamaa za mdudu huyo humo kungegharimu kijiko na kichupa.

Kwa hiyo ninaposikia hoja kwamba wadudu wetu wamejaa Ulaya na warudishwe, nakubali upande mmoja na kusita upande mwingine. Ni kweli kwamba mtafiti wa Dodoma anayetaka kulinganisha kereng'ende wake na kile kielelezo cha kwanza kilichompa spishi jina, mara nyingi analazimika kuandika barua London au Berlin. Ni kweli pia kwamba kuhifadhi mbali si kuhifadhi salama: Hamburg ilipopigwa mabomu mwaka 1943, makumbusho yake ya viumbe yaliharibiwa na sehemu kubwa ya wadudu wakavu ikateketea. Picha za vielelezo na maandishi ya lebo zinapaswa kuja huku upesi, na mtandao wa taarifa za bioanuwai wa Tanzania, TanBIF, ulio chini ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, ni mahali pa kuzipokelea. Nasi tuna cha kutoa. Lebo ya zamani huandikwa “Ugogo” au “D.O. Afrika” na tarehe. Mtu wa Berlin hawezi kujua mto ulioandikwa kwa tahajia ya masikio ya Mjerumani ni upi. Mzee wa Mpwapwa anaweza.

Lakini hata makabati yote ya Ulaya yakifunguliwa, mto wa msimu wa Dodoma hautakuwemo ila kwa kubahatisha. Isitoshe, kabati la makumbusho lina wazazi, mto una watoto. Waliokusanywa wengi ni wakubwa wenye mabawa, walionaswa kwa taa usiku au wavu mchana, kwa sababu spishi hutambuliwa vizuri kwa maumbile ya dume mzima. Anayekaa kwenye sinia la mpimaji ni buu. Kuunganisha mtoto na mzazi kulihitaji kumlea buu hadi aote mabawa, kazi ya subira. Tangu Paul Hebert wa Kanada apendekeze mwaka 2003 kutumia kipande kifupi cha DNA kama kitambulisho cha spishi, mguu mmoja wa mzee aliyechomwa pini unaweza kulinganishwa na mguu wa buu aliyetoka mtoni jana. Hili ni daraja ambalo kabati peke yake haliwezi kulijenga, wala wavu peke yake. Wale waliohifadhiwa kwa formalini wanasumbua, kwani dawa hiyo huiharibu DNA. Spiriti kali ndiyo inayofaa.

Tanzania haianzi na mikono mitupu. Arusha, ndani ya boma la Wajerumani, yapo Makumbusho ya Elimu Viumbe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho cha mtafiti aliyeongoza kazi ya TARISS. Ngaramtoni, iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu ina mikusanyo ya wadudu, wengi wao wa mashambani. Nairobi ina hazina kubwa inayotokana na jumuiya ya wanahistoria asilia iliyofungua makumbusho yake ya kwanza mwaka 1910. Ukiiangalia ramani, katikati ni peupe. Mkoa wa Dodoma umegawanyika kati ya mabonde matatu ya maji: Kinyasungwe huenda Wami/Ruvu, maji ya kusini huenda Mtera na Rufiji, na Mto Bubu huishia Bahi kwenye Bonde la Kati, bila kufika baharini. Bodi tatu, ofisi zao Morogoro, Iringa na Singida. Kila bodi inaweza kupima kipande chake vizuri na bado asiwepo mtu mwenye picha ya nyanda nzima.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kina majengo, walimu wa biolojia na wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Sioni kwa nini makabati ya wadudu wa nyanda za kati yasiwe pale. Kazi ya kwanza ingekuwa kutafuta mito ya kulinganishia: chemchemi za Kondoa na Ntomoko, vijito vya Kiboriani na Rubeho upande wa Mpwapwa, na vilima vya Kondoa ambako mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO, ulioanza 1973, ulifikia kuondoa mifugo mwaka 1979 ili udongo upone. Vilima hivyo ni karibu nusu karne ya jaribio ambalo wadudu wake wangeweza kusomwa kijito kwa kijito. Kazi ya pili ni kipimo cha madimbwi: nani hubaki kwenye maji yanayosalia mchangani mwezi Mei, nani huondoka Juni, na nani hutoweka pale tu ng'ombe au majitaka yanapozidi. Hapo kunguni wa maji na mende wa maji, ambao kwenye mito ya milimani ni wa pembeni, ndio watakaokuwa wasemaji wakuu.

Gharama kubwa ni ya baadaye. Spiriti huvukiza, hasa kwa joto la Oktoba, na chupa isiyoongezwa inageuka kaburi. Wadudu wakavu huliwa na wadudu wenzao, mende wadogo wanaoacha pini na vumbi. Anahitajika mtu mmoja wa kudumu, mwenye mshahara, ambaye kazi yake ni kufungua, kuangalia na kufunga. Wafadhili hupenda kununua darubini; mshahara huo hawaupendi. Nimeona makabati mazuri yaliyokufa kwa sababu hiyo.

Mtoni kwenyewe badiliko ni dogo. Mpimaji afanye TARISS yake kama kawaida, lakini kabla ya kurudisha sinia majini achukue wachache wa kila familia na kuwatia kwenye kichupa cha spiriti. Ndani ya kichupa, siyo nje ambako karatasi hubanduka, iingie lebo yenye jina la mto kama wenyeji wanavyoliita, kijiji, vipimo vya mahali, tarehe, jina la mkusanyaji, na kama maji yalikuwa yakitembea au yamesimama. Iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti.